Vijana wa Reflekta

Watu wa Simba na Yanga hunicheka nikiwaambia kwamba mpira mtamu kuliko wote niliowahi kuutazama ulikuwa wa daraja la kwanza, Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, siku ya kazi, milima ya Uluguru imejifunika ukungu na jukwaani tuko wachache kiasi kwamba mtu asipoonekana tunaulizana anaumwa nini. Waache wacheke. Aliyezoea kukaa kati ya watu 60,000 kwa Mkapa hajui raha ya kumpigia kelele beki wa kulia akasikia, akageuka, na akakujibu.

Morogoro ni mji uliowahi kutoa bingwa wa nchi. Mseto walichukua ubingwa mwaka 1975, na wazee wa kijiwe cha kahawa walitutajia kikosi kile mchezaji mmoja mmoja, pamoja na aliyekuwa na bao la kichwa na aliyekuwa mvivu wa kurudi nyuma. Baadaye wakaja Reli, wakaitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi walivyokuwa wakiwatesa wakubwa wa Dar es Salaam. Sisi tuliochelewa kuzaliwa tuliambulia simulizi hizo, pamoja na timu za daraja la chini: timu za taasisi, timu za mfadhili mmoja ambaye akinuna hakuna nauli, na timu moja ya mtaani iliyopanda kwa miujiza. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa yetu. Siitaji jina kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema yanawahusu watu walio hai, na mji ni mdogo.

Getini alikaa mzee tuliyemwita Babu Tiketi. Alivaa baraghashia na koti la suti hata jua liwe kali namna gani. Tiketi aliichana polepole, kipande kimoja akakitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko, na kipande chako akakurudishia kwa mikono miwili kana kwamba ni cheti cha ndoa. Watoto hatukuwa na kiingilio. Dawa yetu ilikuwa kusimama kando ya foleni na kumvizia mtu mzima mwenye sura ya huruma: “Shikamoo baba, naomba nishike mkono.” Ukishikwa mkono wewe ni mwanawe, na mtoto wa mtu haulizwi tiketi. Babu Tiketi alijua fika kwamba fundi baiskeli asiyeoa hawezi kuwa na watoto wanne wa rika moja. Aliwatazama, akakohoa, akawapitisha. Waliokosa mkono walisubiri fungulia mbwa, pale geti kubwa linapoachwa wazi dakika za mwisho, na tuliingia mbio hata kama kilichobaki ni kona moja na kipenga.

Mlevi mwenye chupa hakusukumwa. Babu alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akamuuliza, “Wewe si wa pale Mji Mpya, nyumba yenye mfenesi?” Mlevi akakubali. “Mama yako mdogo kakaa jukwaa kuu. Nimwite aje akuone?” Chupa ikawekwa chini ya kiti cha Babu, na baada ya mechi mwenyewe akaikuta na kiasi kilekile. Huo ndio uliokuwa ulinzi wetu. Askari wawili watatu walikuwepo, wamekaa kwenye benchi karibu na kamisaa wa mchezo, nao wakitazama mpira.

Sitaki kutupamba. Tulikuwa na midomo michafu. Kundi letu lilikaa mzunguko, nyuma kabisa ya mshika kibendera, na kwa dakika tisini mtu yule alielezwa habari za mkewe, za madeni yake ya dukani, na za timu iliyomlisha pilau jana usiku. Wapo waliorusha maganda ya machungwa. Wapo waliorusha mawe. Mechi ikiwa ya kufa na kupona zilirushwa hata chupa za plastiki ambazo kilichokuwa ndani hakikuwa maji, na aliyepatwa nacho alikwenda nyumbani kwa miguu kwa sababu hakuna daladala iliyomkubali. Nimemwona mwamuzi akitolewa uwanjani katikati ya ngao za askari, na alikuwa amechezesha vizuri tu. Kosa lake ni kwamba tulifungwa.

Halafu kulikuwa na mambo ya kamati ya ufundi, ambayo kila mpenda mpira wa nchi hii anajua si ya makocha bali ya waganga. Timu ngeni ziliogopa mlango rasmi. Basi lilizungushwa nyuma, wachezaji wakaruka ukuta na mabegi yao, nahodha wa mwisho akining'inia huku kocha akimsukuma makalio. Klabu zetu, kubwa kwa ndogo, zimetozwa faini kwa tabia hiyo miaka nenda miaka rudi, na zimeendelea nayo.

Mwaka mmoja mshambuliaji wetu aligonga nguzo ya goli, muda kidogo akaigonga tena, na mara ya tatu jukwaa zima likapata jibu kwa pamoja: “Taulo! Taulo!” Kipa wao alikuwa ametundika taulo jeupe kwenye nyavu. Kijana wetu mmoja, mwepesi, akaruka seng'enge, akalichomoa, akatimua mbio. Kipa akamfuata. Mabeki wawili wakamfuata kipa. Mwamuzi alisimama katikati ya uwanja akitazama saa yake. Makomandoo, vijana wa ulinzi wa klabu, hatukuwa nao bado, na askari walikuwa wakicheka. Aliyeingia ni Babu Tiketi na koti lake, mwendo uleule wa kuchana tiketi, akamkuta kijana kwenye kibendera cha kona, akanyoosha mkono. Akapewa. Akalikamua taulo mbele ya watu wote, maji yakadondoka, hakuna kingine kilichodondoka. Akamrudishia kipa. “Haya, chezeni.” Mechi ikaendelea na tukafungwa moja.

Kwa hiyo Desemba 2016 niliposikia ya Rwanda sikushangaa. Mshambuliaji wa Rayon Sports, timu yake ikiwa nyuma dhidi ya Mukura, alikimbilia nguzo ya goli la wapinzani akaondoa kitu alichoamini ni uchawi, wakamkimbiza, na baadaye akasawazisha. Shirikisho la kule likatunga adhabu za uchawi. Kwetu angalau tulikuwa na mtu wa kukamua taulo.

Mambo yaligeuka pale kila mtu alipotambua kwamba kupanda daraja ni pesa. Timu ikifika Ligi Kuu, Simba na Yanga watakuja kwenu kila msimu, na siku hizo mbili mtu huuza hata nafasi ya kusimama juu ya paa la choo. Msimu wa 2015/16 daraja la kwanza lilikuwa na timu 24 katika makundi matatu, na katika kila kundi anapanda kinara peke yake. Kundi C likafika siku ya mwisho Geita Gold na Polisi Tabora wakigombea nafasi moja. Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro mabao 7-0. Geita Gold wakaifunga JKT Kanembwa 8-0. Nchi nzima ikacheka, kisha ikakasirika. Shirikisho letu, TFF, likazishusha daraja zote nne, viongozi kadhaa wakafungiwa, na Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Sisi hatukuwa kundi hilo, lakini moshi wake ulitufikia. Jukwaani mtu hakukubali tena kwamba beki ameteleza. Ameteleza kwa shilingi ngapi? Mgeni yeyote aliyeonekana karibu na hoteli ya timu alikuwa kaja na bahasha, na mwamuzi aliyeshuka kwenye basi stendi ya Msamvu alikuwa tayari ameshakula.

Katika hali hiyo ndipo makomandoo walipozaliwa kwetu. Mtindo ulitoka Kariakoo, kwa wakubwa: vijana wenye vifua, wanaolala uwanjani usiku wa kuamkia mechi ili chumba cha kubadilishia nguo kisipuliziwe kitu, na asubuhi wanamfukuza yeyote mwenye simu inayopiga picha. Wetu walikuwa wabeba vyuma wa gereji moja nyuma ya soko. Mwanzoni tuliwapenda. Walipiga ngoma, walibeba jezi, walijua kuimba. Kisha wakapewa fulana nyeusi, na mtu akivaa fulana nyeusi yenye maandishi mgongoni huanza kutembea tofauti. Waliacha kutazama timu ngeni wakaanza kututazama sisi.

Babu Tiketi aliondolewa wakati huohuo. Viongozi wapya walipiga hesabu ya vichwa jukwaani, wakapiga hesabu ya vipande ndani ya kopo, wakakuta watoto wengi mno hapo katikati. Geti likakabidhiwa vijana. Mchezo wa kushikwa mkono ukaisha wiki hiyohiyo. Fungulia mbwa ikaisha. Badala yake wakaja wazamiaji, watoto walewale, sasa wakipanda ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, na upande wa ndani kuna kijana mwenye mkanda anawasubiri watue. Nilimwona mtoto wa darasa la tano, sare ya shule bado mwilini, akipigwa mkanda kwa kiingilio ambacho ukikigawa kwa wachezaji kumi na moja hakiwatoshi karanga. Watu wazima tulipiga kelele. Tukaambiwa tukae chini.

Kisha zikaja reflekta, vile vizibao vinavyong'aa. Kanuni zilitaka klabu mwenyeji iwe na walinzi wa uwanjani, wasiwe askari, wakae kuzunguka uwanja wakiwatazama mashabiki. Wazo si baya hata kidogo. Wenye mpira wao Ulaya walifika huko baada ya kuzika watu. Sheffield, Uingereza, mwaka 1989, watu walibanwa kwenye uzio wa Hillsborough, na idadi ya waliokufa kwa tukio lile leo ni 97. Baada yake uzio ukang'olewa kwenye viwanja vikubwa na kazi ya kuwatunza mashabiki ikawa kazi inayofundishwa. Kwetu kilichukuliwa kile kizibao cha rangi ya machungwa. Mafunzo yalibaki njiani.

Nasema hivyo kwa sababu niliivaa reflekta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na jirani yetu alikuwa anatafuta vijana kwa ajili ya mechi moja kubwa. Posho elfu kumi, maji chupa moja. Tulikusanywa chumba cha waamuzi saa sita mchana. Msimamizi alikuwa na karatasi mkononi ambayo hakuisoma. Akasema: “Anayesimama, mkalishe. Asiyekaa, mtoe. Anayeruka ukuta, mnajua cha kumfanya.” Wenzangu wakacheka. Nikauliza mageti ya dharura yako mangapi. Akanitazama kama ananikumbuka, kisha akajibu kwamba yako mawili, yote yamefungwa kwa kufuli, kwa sababu yakiachwa wazi mapato yanapotea. Na funguo? Funguo anazo mhasibu. Mhasibu, baada ya kipindi cha pili kuanza, huwa ameshaondoka na pesa kwa pikipiki, akisindikizwa na vijana wawili walio wakubwa kuliko sisi wote.

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko bao lolote nililowahi kuliona. Ukitaka kuelewa kwa nini walinzi wa viwanja vidogo wana mikono mizito, usianzie kwenye hasira zao. Anzia kwenye kufuli. Mtu kaajiriwa kulinda kiingilio. Kila mpango wa uwanja, wapi pana mtu, wapi pana mlango, nani ana ufunguo, umepangwa kumzuia anayeingia. Kuhusu anayetaka kutoka hapajapangwa kitu.

Mechi ilipoanza nilisimama, mgongo kwa mpira, uso kwa watu. Ni kazi ngumu. Unasikia shangwe hujui nani kafunga. Mtu akikutukana huna pa kuangalia isipokuwa macho yake. Mwenzangu wa kulia, kijana mpole ambaye siku za kawaida anauza vocha, alianza kushika kirungu mkononi dakika ya ishirini, na kabla ya mapumziko alikuwa anakigongagonga kwenye paja. Hakuna aliyemkosea. Ni ile hali ya kutazamwa na watu mia tano wewe ukiwa mmoja, bila kuambiwa ufanye nini zaidi ya kupiga. Mbele yake alikaa mama mmoja muuza vitumbua akiwa na ndoo yake, akamwambia, “Mwanangu, kaa pembeni kidogo, unaniziba.” Kijana akasogea. Akarudisha kirungu kiunoni. Mama akampa kitumbua.

Mechi iliyonitoa kwenye shughuli ile yote ilichezwa ugenini. Uwanja siutaji, aliyekuwepo anaujua. Tulikwenda Kosta mbili, ngoma tatu, na fundi wetu wa cherehani, mpiga ngoma mkuu, mtu mzima mwenye wajukuu. Getini ngoma zilizuiwa. Tukabembeleza, ikaruhusiwa moja. Tulitengewa kona ya uwanja yenye uzio wa seng'enge mbele, ukuta nyuma, na geti moja dogo ambalo baada ya kuingia sisi lilifungwa. Nililisikia kufuli likiitikia. Mtu aliyewahi kuvaa reflekta husikia vitu hivyo.

Tulikuwa nyuma bao moja hadi dakika za nyongeza. Kisha tukapata penalti, halali kabisa ingawa nyumbani kwao hadi leo wanabisha, na tukafunga. Fundi aliruka na ngoma yake. Seng'enge ilikuwa imelegea, ikalala, naye akajikuta upande wa pili, ndani ya uwanja, hatua tatu tu kutoka kwetu, akiendelea kupiga. Hakukimbilia mwamuzi. Hakumtukana mtu. Wakamjia watano, reflekta mbili na fulana nyeusi tatu. Wa kwanza alimpiga kirungu kwenye ngoma, ngozi ikapasuka. Wa pili hakuwa na ngoma ya kupiga. Fundi aliinua mkono wa kulia kujikinga na tukausikia mkono, kona nzima, kwa sababu wakati huo ilikuwa kimya.

Hapo wetu waliruka. Sitasema walikuwa sahihi, nasema tu walikuwa wanamtazama mzee wao chini. Viti vya plastiki vikaanza kuruka kutoka kila upande. Askari wa difenda iliyokuwa nje ya ukuta walisikia kelele bila kuona chochote, na bomu la machozi likapita juu ya ukuta likatua katikati yetu. Katikati ya watu waliofungiwa.

Moshi ule ukiingia machoni mtu hafikiri, anarudi alikopita kuingia. Sote tulielekea geti dogo. Walio mbele waliona kufuli, wakageuka, na walio nyuma hawakuona kitu, wakaendelea kusukuma. Watu hudhani katika misukosuko hiyo mtu hufa kwa kukanyagwa. Wengi hufa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, pumzi inatoka, na ya kuingia haina nafasi. Nilikuwa nimebanwa kati ya mgongo wa mtu na begi la mwingine, miguu yangu haigusi chini, na kijana mdogo mbele yangu alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Anko, sipumui.” Tukamwinua juu ya vichwa. Sijui mikono ile ilikuwa ya nani.

Geti lilifunguliwa na muuza miwa. Alikuwa nje na mkokoteni wake, akasikia, akaja na panga lake la kumenyea akaanza kulipiga komeo. Mlinzi mmoja akamzuia akidai ni mali ya uwanja. Muuza miwa hakubishana naye, alimgeuzia tu panga akamtazama. Komeo likakatika. Tulimwagika barabarani tukikohoa, wengine wakitapika, na mtu akapita na ndoo ya maji akatunawisha mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Sijapata kuielewa bahati hiyo.

Kwa maana wenzetu hawakuipata. Accra, Mei 9, 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko: mashabiki wakang'oa viti, askari wakapiga mabomu ya machozi jukwaani, milango mingine imefungwa, watu zaidi ya 120 wakafa. Kinshasa, Mei 11, 2014, Uwanja wa Tata Raphaël, Vita na Mazembe ya Lubumbashi: mawe, mabomu ya machozi, mkanyagano, watu 15. Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022, walikufa 135, na hadithi ni ileile ya moshi na milango myembamba. FIFA katika kanuni zake za usalama wa viwanja imekataza walinzi wa kandokando ya uwanja kubeba au kutumia gesi ya kutawanya watu. Katazo hilo haliwafikii askari wanaokaa nje ya ukuta wakisikiliza.

Wala si lazima pawe na gesi. Nairobi, Oktoba 23, 2010, saba walikufa Nyayo kwenye mlango wa kuingilia mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na kwetu, Machi 21, 2021, Uwanja wa Uhuru, pasipo mechi yoyote, watu 45 walikufa kwa kukanyagana walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Uhuru ni ule ule wa Shamba la Bibi tunaoujua sote, na nimekaa pale kwenye mechi za daraja la kwanza nikiwa na safu nzima peke yangu. Uwanja mtupu hausemi lolote kuhusu siku utakapojaa.

Baada ya mechi ile ya kona ya seng'enge ilikuja barua. Klabu yetu ilitozwa faini kwa mashabiki kuingia uwanjani na kurusha viti. Kuhusu waliomvunja fundi mkono, barua haikuwa na mstari. Viongozi wetu walilipa kimya kimya, kwani nao wiki iliyofuata walikuwa wenyeji, na nao walikuwa na fulana nyeusi zao. Nilikwenda ofisini kwao nikashauri jambo dogo: kila geti lililofungwa liwe na mtu amesimama hapo na ufunguo mkononi, tangu wa kwanza kuingia hadi wa mwisho kutoka. Katibu aliandika kwenye daftari. Akaniuliza mtu huyo atalipwa na nani.

Miaka ile hamu yangu ya mpira niliimalizia kwenye ndondo, mpira wa mtaani. Dar es Salaam nilikuwa nikienda Kinesi, watu wamejaa hadi kwenye chaki ya pembeni, mpiga kona anaomba njia. Kulikuwa na fujo, tena nyingi. Lakini hapakuwa na pa kumfungia mtu, na anayekutuliza ni jirani yako anayejua kesho mtakutana kwa muuza chapati. Siwezi kusema uwanja wa taifa uendeshwe hivyo. Nasema tu kwamba pale sikuwahi kutafuta mlango kwa macho kabla ya kukaa.

Timu yetu haipo sasa. Iliuzwa, ikahama mkoa, ikabadilishwa jina, na jezi zake za kijani hununuliwa mtumbani na watu wasiojua ni za nani. Daraja la kwanza lenyewe tangu msimu wa 2021/22 linaitwa Championship, na mechi zake nyingine huonekana kwenye simu. Walinzi nao wamebadilika kiasi. Wapo wasichana kati yao siku hizi, na mashabiki huwasikiliza kwa namna ambayo kirungu hakikuwahi kusikilizwa. Wengine wana redio za mkononi. Virungu bado wanavyo.

Fundi mkono wake uliunga vibaya. Anashona, lakini ngoma anaipiga kwa kushoto, na midundo yake imekuwa na kigugumizi ambacho vijana wameanza kukiiga wakidhani ni mtindo. Bado tunakwenda pamoja. Mechi ya mwisho niliyokwenda naye tulifika mapema, uwanja wa watu, si wa kwetu, tukapitia geti dogo likafungwa nyuma yetu. Nikamwendea kijana wa reflekta, nikamsalimu.

“Mdogo wangu, ufunguo wa geti hili anao nani?”

“Anao bosi.”

“Bosi yuko wapi?”

Akaangalia huku na huku. “Alikuwepo sasa hivi. Nadhani kaenda kuweka pesa.”

Fundi alikuwa amesikia. Aliinua ngoma yake, akachungulia juu ya ukuta kuelekea barabarani, akatafuta kwa muda, akanishika bega. “Twende tukakae pale,” akasema. “Naona mkokoteni wa miwa.”